Taa hafifu na usukani unaocheza kwenye Datsun 240Z: kutoka dalili hadi chanzo

Ukiwasha taa kubwa za Datsun 240Z, umeme wote unaozifikia balbu za mbele hupita ndani ya swichi iliyofungwa kwenye shafti ya usukani, sentimita chache tu kutoka mikononi mwako. Hakuna rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa badala ya swichi ya mkono) ya kuipunguzia mzigo. Ukiifuata shafti hiyohiyo kwenda mbele unakutana na kaplingi ya mpira, krosi (kiungo cha shafti kinachopinda), kisha raki (kifaa cha meno kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kulia na kushoto) iliyoshikiliwa na bushi mbili za mpira. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na 260Z ikachukua nafasi yake mwaka 1974. Kwa hiyo hata lile lililotoka mwisho kiwandani limeshatimiza nusu karne: shaba imechafuka, mpira umekakamaa, grisi imegeuka gundi.

Nalipenda gari hili na sioni haya kusema hivyo. Ndilo lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari la namna hiyo likianza kutoa mwanga wa kibatari na kutangatanga barabarani, usikubali kuambiwa kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Yalipotoka kiwandani hayakuwa hivyo.

Njia ninayoifuata ni moja kwa taa na kwa usukani. Umeme hutoka kwenye betri, ukafika kwenye balbu, ukarudi. Mwendo hutoka mikononi, ukafika kwenye tairi. Penye ubovu kuna mahali ambapo kilichoingia hakitoki chote, na mahali hapo panatakiwa kupatikana kabla hujanunua kifaa chochote. Swichi mpya inayofungwa juu ya waya uleule wenye kutu itaungua kama ya kwanza. Raki mpya iliyofungwa kwenye bushi zilezile zilizooza itacheza kama ya zamani.

Andaa mita ya umeme, jeki, stendi mbili imara, pula ya usukani (kifaa cha kuuvuta utoke kwenye shafti), na mtu wa kukusaidia. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Ukiwa na 260Z au 280Z, mengi ya hapa yanakuhusu pia, ila nyaya zilibadilishwabadilishwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tafuta mchoro wa umeme wa mwaka wa gari lako na usiziamini rangi za nyaya za gari la mwenzako.

Taa kubwa zinawaka zote, lakini ni hafifu

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini swichi hizi huungua. Balbu ya H4 ya kawaida ina wati 60 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwenye dimu (mwanga wa karibu). Balbu mbili za fulu kwa volti 12 zinavuta ampea 10. Sasa chukulia kwamba njiani kuna kizuizi cha omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kukisoma vizuri. Ampea 10 zikipita hapo, volti 1 inapotea, na wati 10 zinageuka joto papo hapo. Wati 10 kwenye bamba la chuma si kitu. Wati 10 kwenye kipande cha shaba kilichoshikwa na plastiki ni mwanzo wa plastiki kuyeyuka. Plastiki ikilegea, shaba haikandamizwi tena sawasawa, kizuizi kinaongezeka, joto nalo linaongezeka. Ubovu wa aina hii hujilisha wenyewe.

Na mwanga? Balbu ya nyuzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana dereva huona giza kabla mita haijaonyesha jambo la kutisha. Ukiweka balbu za wati 100 ili kufidia, unapandisha mkondo hadi ampea 17 hivi kupitia swichi ileile iliyokuwa inalemewa na 10. Sishauri kabisa.

Sasa pima. Washa injini, izungushe kidogo juu ya mwendo wa kutulia, kisha pima betri yenyewe. Ukikuta kati ya volti 13.5 na 14.5, altaneta iko salama. Ikiwa chini ya 13, malizana na altaneta, mkanda wake na vichwa vya betri kwanza, maana taa zitakuwa zimesingiziwa tu.

Baada ya hapo weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri. Ncha ya pili iweke kwenye pini inayoleta umeme nyuma ya taa, soketi ikiwa imeunganishwa na taa zikiwa zinawaka. Hii ya mwisho ni muhimu, kwa sababu waya mbovu usiobeba mzigo huonyesha volti kamili na kukudanganya. Namba unayoiona kwenye mita ni volti zilizopotea njiani. Chini ya 0.5 ni njema kwa gari la umri huu. Ikipita 1, ifuate: pima pande zote mbili za kila fyuzi ya taa, kisha unapoingia na unapotoka umeme kwenye swichi, kisha kila kiungio cha nyaya kati yao. Namba itakuwa ndogo, ndogo, halafu itaruka ghafla. Iliporuka ndipo penye ugonjwa.

Kuna jambo moja la 240Z ambalo huwachanganya hata mafundi umeme wazuri. Katika magari mengi, swichi ya fulu na dimu hukata upande wa chanya, na taa ina ethi yake ya kudumu kwenye bodi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Hapa ni kinyume: chanya inafika kwenye taa moja kwa moja ukishawasha, na swichi ya fulu na dimu ndiyo inayochagua ni uzi upi upate ethi. Kwa hiyo ukishapima upande wa chanya ukaukuta mzuri, hujamaliza. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya uzi unaowaka wakati huo. Unatakiwa kuona karibu na sifuri. Ukiona volti 1, ubovu uko kwenye swichi ya fulu na dimu au kwenye waya wake wa ethi, na hapo waweza kuhangaika siku nzima upande wa chanya usipate kitu.

Fyuzi haikatiki, lakini kiboksi cha fyuzi kina moto

Washa taa zote, ndogo na kubwa, uziache dakika kumi. Kisha gusa kila fyuzi kwa ncha ya kidole, taratibu. Uvuguvugu si tatizo. Fyuzi inayokufanya uondoe kidole ina kizuizi kwenye vishikio vyake. Katika gari hili mara nyingi huwa ni fyuzi ya taa ndogo, ambayo watu hawaifikirii kwa kuwa balbu zake ni ndogo.

Zima, toa hasi ya betri, ichomoe fyuzi hiyo uangalie vishikio kwa tochi. Kishikio kizima kina mng'ao na kinaibana fyuzi kwa nguvu. Kilichoungua kina rangi ya kahawia kuelekea zambarau, kimepoteza mkazo wake, na plastiki iliyo chini yake imezama kidogo, kiasi kwamba fyuzi haikai sambamba na jirani zake. Kishikio kilichochafuka tu kisugue kwa msasa laini, kikaze kwa koleo ndogo, weka fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Kilichopoteza mkazo hakirudi. Shaba ikishapashwa moto kiasi hicho hulainika, utaikaza leo na wiki ijayo itakuwa imelegea. Hapo badilisha kiboksi chote. Kuongeza ukubwa wa fyuzi si dawa: fyuzi haikuwa imekatika, kilichoungua ni kishikio, na fyuzi kubwa inahamishia moto kwenye waya.

Taa zinakata na kurudi, au zinarudi ukiitingisha swichi

Hapa swichi yenyewe imejitaja. Inatakiwa ifunguliwe, na ili kuifikia vizuri ni lazima usukani utoke.

Toa hasi ya betri. Ondoa kitufe cha honi, legeza nati ya katikati lakini usiitoe. Iache ishike nyuzi mbili tatu, ili usukani ukiachia ghafla usikurukie usoni. Paka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye kitovu cha usukani ili urudi ulipokuwa. Kisha tumia pula. Usipige shafti kwa nyundo hata kama usukani umeng'ang'ania. Nguvu ya nyundo inashuka moja kwa moja kwenye beringi za shafti na kwenye sehemu zilizotengenezwa zikunjike wakati wa ajali, na ukizivunja hutaziona hadi siku usukani utakapoanza kuingia na kutoka mkononi mwako.

Swichi ikishatoka, ipige picha kila upande kabla ya kuifungua, na uifungulie ndani ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Ndani kuna springi na gololi ndogo mno. Zikiruka sakafuni, kazi ya saa moja inakuwa ya siku.

Utaona vipande vya shaba vinavyoteleza juu ya vituo vilivyozama kwenye ubao wa plastiki. Kituo kizima kina mstari mmoja laini pale shaba inapopita. Kituo kibovu kina shimo dogo jeusi katikati kama kidoti cha kalamu, na kulizunguka shimo hilo plastiki imefura na kubadilika rangi. Grisi ya zamani nayo imekuwa nyeusi na ngumu, na imeubeba ungaunga wa shaba ambao wenyewe unapitisha umeme mahali usipotakiwa. Isafishe yote kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme na mswaki laini. Sugua vituo kwa msasa wa namba 1000, kidogo tu, hadi vingae. Ukisugua kwa bidii unamaliza unene wa shaba ambao hauna akiba. Angalia pia nyuma, pale nyaya zilipochomewa kwa risasi. Joto likishazidi, risasi hulegea, na waya unaweza kuwa umesimama tu kwenye kitobo bila kushikwa. Uchomee upya. Malizia na grisi maalumu ya swichi, utando mwembamba sana, si grisi ya beringi.

Ubao wa plastiki uliopinda ndio mpaka wa ukarabati. Ukiona kituo kimezama chini ya usawa wa wenzake, hakuna msasa utakaokisaidia, kwa sababu shaba ya juu haikifikii. Tafuta swichi nyingine. Kwa vyovyote vile, swichi ya asili iliyosafishwa vizuri na yenye ubao ulionyooka mimi naiamini kuliko mpya ya kuigiza yenye shaba nyembamba.

Rilei: dawa ya kuizuia swichi isiungue tena

Ukishaifufua swichi, ipumzishe. Funga rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, karibu na taa. Chukua umeme kutoka chanya ya betri, weka fyuzi karibu kabisa na betri, ingia namba 30 ya kila rilei, toka namba 87 kwenda kwenye uzi wa taa. Swichi ya zamani sasa inaamsha koili tu, ambayo inavuta sehemu ndogo sana ya ampea moja.

Kumbuka ile habari ya ethi. Michoro ya kawaida ya rilei inadhani swichi yako inaleta chanya, na hapa haitafanya kazi. Kwenye 240Z, namba 86 ya rilei zote mbili ichukue chanya kutoka kwenye waya uliokuwa unalisha taa. Namba 85 ya kila rilei iende kwenye waya wake, mmoja wa fulu na mwingine wa dimu, ambao swichi inaupa ethi. Pini ya pamoja ya kila taa, iliyokuwa inapokea chanya, sasa ipelekwe ethi ya bodi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ya bluu ya dashibodi inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa nyaya zake za zamani hazijaguswa.

Jambo hilihilo linaeleza kwa nini balbu nyingi za LED za umbo la H4 hugoma kuwaka au kuwaka vibaya kwenye gari hili zikichomekwa bila mabadiliko. Balbu ya nyuzi haijali umeme unatoka upande gani, LED inajali.

Fulu ipo, dimu hakuna (au kinyume chake)

Badilisha kwanza balbu. Uzi mmoja hukatika mwingine ukabaki. Ikiwa taa zote mbili zimekosa dimu kwa pamoja, si balbu tena, ni swichi ya fulu na dimu au waya wa ethi wa upande huo. Jaribu kwa waya mfupi: taa zikiwa zimewashwa, iguse pini ya dimu na bodi. Dimu ikiwaka, umeshamjua mhalifu.

Indiketa

Hazimuliki kabisa pande zote, na fyuzi ni nzima: kabla ya kugusa kingine, bonyeza na kuachia swichi ya hazadi mara nyingi mfululizo. Umeme wa indiketa katika gari hili unapita ndani ya swichi ya hazadi, na kwa kuwa hazadi haitumiki mara kwa mara, shaba yake hufanya kutu kimyakimya. Indiketa zikirudi baada ya hapo, isafishe swichi hiyo kama ile ya taa.

Zinawaka bila kupepesa upande mmoja tu: balbu imekufa au ethi ya taa ya upande huo ni mbovu. Flasha (kifaa kinachozipepesa indiketa) za zamani hufanya kazi kwa joto la mkondo, hivyo mkondo ukipungua nazo hubadili mwendo au kugoma. Ukifunga LED kwenye indiketa utapata hali hiyohiyo hadi ubadili flasha. Indiketa zisipojirudisha baada ya kona, kipande cha plastiki kinachoguswa na kitovu cha usukani kimevunjika, au usukani ulirudishwa bila kufuata alama. Na honi ikilia yenyewe ukikata kona, angalia kigusio cha shaba nyuma ya usukani kabla hujailaumu rilei ya honi.

Usukani bado uko mezani: angalia haya

Maadamu umeufungua, ishike shafti kwa mkono, ivute na kuisukuma, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi ya juu imechoka. Izungushe taratibu kulia na kushoto huku mkono mwingine ukiwa wazi. Mkwamo unaokuja na kuondoka kila mzunguko ni krosi iliyokauka. Ukishafunga usukani, kaza nati kwa kiwango cha kitabu cha gari na utumie spana ya kupimia nguvu. Hii si nati ya kukadiria.

Usukani unacheza kabla tairi hazijageuka

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu watu hukimbilia skrubu ya kurekebishia raki.

Acha gari likanyage chini kwa uzito wake, injini ikiwa imezimwa na funguo ikiwa imefungua kufuli ya usukani. Msaidizi akae kwenye kiti na kuutikisa usukani kidogo, kulia na kushoto, kiasi cha upana wa vidole viwili, bila kuacha. Wewe fuata mwendo kwa mkono, kiungo kimoja baada ya kingine. Kwenye kila kiungo weka vidole viwe nusu upande wa kuingilia na nusu upande wa kutokea. Kiungo kizima hupeleka mwendo bila wewe kuhisi kitu. Kiungo kibovu utakihisi kikigota, ncha moja ikianza kabla ya nyingine.

Anza na kaplingi ya mpira. Mpira wake hupasuka kuzunguka bolti, na ikiwa injini inavuja mafuta karibu nayo, hulainika na kuvimba. Ukiona upande wa juu umegeuka na wa chini unasubiri, umepata. Fuata krosi. Krosi haitakiwi kuwa na hata chembe ya mchezo.

Kisha shika mwili wa raki yenyewe, pale inapobanwa kwenye membari ya mbele. Hapa ndipo penye hazina. Raki haitakiwi kwenda popote. Kinachotakiwa kutembea ni fimbo iliyo ndani yake. Katika magari haya, mara nyingi utaona raki nzima inateleza kushoto na kulia milimita kadhaa kabla tairi hazijaanza kugeuka. Bushi zimekwisha. Ziko chini ya upande wa mbele wa injini, na kila tone la mafuta linalovuja huzitafuta. Ni kazi ya jioni moja, bushi ni kitu kidogo, na mabadiliko utakayoyasikia mikononi ni makubwa kuliko kazi nyingine yoyote ya usukani. Zile za poliyurethini hapa nazikubali kwa moyo wote, kwa kuwa raki haina sababu ya kutikisika. Ila ziba uvujaji kwanza.

Raki ikiwa imetulia, nenda kwenye viungo vya ndani, chini ya mpira uliokunjamana. Ubonyeze mpira kwa vidole hadi uhisi kiungo ndani yake, msaidizi akiendelea kutikisa. Malizia na tairodi endi za nje, viungo vya mwisho kabla ya gurudumu. Kisha inua mbele, weka stendi, shika gurudumu saa tisa na saa tatu ulitikise: mchezo hapo ni wa tairodi au raki. Lishike saa kumi na mbili na saa sita: hapo ni beringi ya gurudumu au bolijointi ya chini. Mtu akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, ni beringi.

Ukishavimaliza vyote hivyo na mchezo ungalipo, ndipo uigeukie skrubu ya raki. Raki huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Ukikaza skrubu hadi mchezo wa katikati uishe, unaweza kukuta pinioni (gia ndogo inayoisukuma fimbo ya raki) inabana kwenye pembe, ambako meno bado ni mazima. Usukani unaobana kwenye kona na kukataa kurudi ni hatari kuliko unaocheza kidogo. Kwa hiyo kaza kidogokidogo, na kila mara, magurudumu yakiwa hewani, zungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukihisi ugumu popote, legeza. Ikiwa hakuna mahali ambapo katikati haichezi na pembe hazibani, raki imemaliza kazi yake.

Unapotoa tairodi endi, hesabu nyuzi au pima urefu, andika. Usitumie uma wa kupasulia kama unakusudia kuirudisha, kwa maana utachana mpira wake. Legeza nati, iache kwenye nyuzi chache, na upige ubavu wa jicho la mkono wa usukani kwa nyundo. Pini iliyochongoka huachia kwa mshtuko. Splitipini iliyotoka hairudi tena. Weka mpya.

Usukani unatetemeka kwenye mwendo

Ukianza karibu na kilomita 80 kwa saa na kutulia ukipita 110, anza na balansi na tairi zenyewe. Tairi lililokaa muda mrefu bila kutembea hupata bapa, na tairi lenye umri mkubwa linaweza kupinda kwa ndani huku nje likionekana jipya. Soma tarehe iliyo ubavuni, tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka. Zungusha kila rimu hewani ukiwa umeweka ncha ya kalamu karibu nayo, utaona inavyoyumba. 240Z ni jepesi na usukani wake huambia mikono kila kitu, kwa hiyo balansi inayotosha gari lingine hapa itasikika. Na hata balansi ikiwa nzuri, bushi za raki zilizokufa zitaukuza mtetemo mdogo uliobaki hadi uwe wa kusumbua.

Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, ni diski.

Unavuta upande mmoja

Sawazisha upepo. Badilishana tairi za mbele, kulia kwenda kushoto. Mvuto ukihama, ni tairi. Endesha kidogo bila kutumia breki sana, kisha karibisha mkono kwenye rimu: ile yenye joto kuliko mwenzake ina kalipa iliyong'ang'ania.

Ikivuta wakati wa breki tu, tena pakiwa na mgoto chini ya miguu yako, angalia bushi za fimbo inayouzuia mkono wa chini usirudi nyuma. Zikioza, gurudumu moja hurudi nyuma unapofunga breki na gari hugeuka lenyewe. Hapa nasisitiza: usiweke poliyurethini ngumu pande zote mbili za bushi hizo. Fimbo inatakiwa kupinda kidogo kila mkono unapopanda na kushuka, na ikizuiwa kabisa hukatika kwa uchovu wa chuma. Mpira wa kawaida ndio salama.

Usukani mzito

Gari hili halina pawa ya usukani, hivyo tairi pana na usukani mdogo wa dukani vinatosha kulifanya zito ukiegesha. Ikiwa uzito ulianza bila kubadilisha kitu, inua mbele na uzungushe. Ukiwa bado mzito, chomoa tairodi endi zote mbili ujaribu tena: ukilainika, ni bolijointi kavu au vichwa vya shokapu, ukibaki vilevile, ni raki kavu, krosi, au skrubu iliyokazwa kupita kiasi.

Ukimaliza kazi yoyote kwenye tairodi au raki, endesha polepole hadi kwenye mashine ya alaimenti, usilipeleke barabara kuu kwanza. Baada ya kilomita mia chache rudi chini ya gari na spana: nati za vishikio vya raki hulegea kadiri bushi mpya zinavyojikalisha, na zikishakazwa mara hiyo ya pili hutulia. Wakati huohuo washa taa dakika kumi na uguse tena fyuzi, rilei na shingo ya swichi.